Mpangaji wa Baba Yake

Bibi Wu, mwenye nyumba, hakuwa mtu wa kubisha hodi. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tano akihema, akaupiga mlango kwa kiganja, na akaendelea kuupiga hata baada ya kusikia komeo likifunguliwa, maana haja yake haikuwa kufunguliwa tu. Haja yake ilikuwa jengo zima lijue. Heriel alisimama mlangoni na fulana ya ndani, taulo begani, povu la kunyolea ndevu limemkaukia shavu moja.

"Laoban," akamwita, bosi, kwa ile sauti ya sokoni ya kumpaka mtu mafuta. "Mingtian. Kesho. Kesho nakuletea mwenyewe."

"Mei qian, zou!" Bibi Wu akamkata. Hakuna pesa, ondoka. Akapunga mkono kuelekea ngazini, mara mbili, kama mtu anayefukuza kuku uwanjani.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa ameshatoa kichwa. Wakongomani wawili waliokuwa wakishusha marobota wakayatua kwenye ngazi ili wapate kutazama vizuri.

Sia aliyasikia yote akiwa chumbani anafunga vifungo vya shati la kazini. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Heriel na jina lake lilikuwa la mama yake Heriel, ndiyo maana baba mtu alimwita "mama" tangu yuko kwenye nepi. Kila asubuhi Heriel aliusukuma mlango wa binti yake bila hodi wala salamu, akatangaza, "Mama, jua limetoka!" hata siku ambazo Guangzhou haikuwa na jua, na siku hizo ni nyingi. Alimwamsha hivyo Moshi akiwa darasa la kwanza. Alimwamsha hivyo hapa mtaani Sanyuanli, Uchina, mwaka huu wa 2007, akiwa na shahada ya chuo kikuu na kazi katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Sia hakuwahi kununua saa ya kengele. Kitu pekee alichomlalamikia baba yake ni kitasa cha dirisha, kilichovunjika msimu wa vimbunga na kuahidiwa kutengenezwa wiki hiyohiyo. Mpaka leo dirisha lilifungwa kwa kamba ya kiatu.

Akatoa bahasha mkobani, akaenda jikoni, akampa mama yake. Edina akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mwanangu, Mungu akuzidishie." Kisha akatembea mpaka mlangoni na kuitia mkononi mwa mumewe kwa nyuma, bila neno. Heriel akamkabidhi Bibi Wu kwa mbele, kifua kimetuna, kichwa juu. Hela ilipita mikono mitatu katika korido ambayo watu wawili hawapishani.

Ndivyo ilivyokuwa kila mwezi tangu biashara ya Heriel ya vitambaa vya mapazia ilipoanza kuyumba. Pale nyumbani hela hiyo iliitwa ya sukari. Mtoto akianza kazi huwapa wazazi hela ya sukari, hilo halina Mchaga wala Mnyakyusa. Ni sukari gani hiyo inayolipa pango la nyumba nzima, hakuna aliyeuliza.

* * *

Dada Chen, mhasibu wa kampuni, alikuwa na roho nzuri, na roho yake nzuri ndiyo iliyoleta balaa. Mwanzoni mwa mwaka alimweleza Sia kwamba mgeni aliyeajiriwa, kama anaishi nyumba ya kupanga, ile sehemu ya mshahara inayokwenda kwenye pango inaweza isikatwe kodi ya serikali.

"Unaishi wapi?" alimuuliza siku ile.

"Na wazazi wangu."

"Unawalipa?"

"Nawalipa."

Halikuwa neno la uongo. Chen akaandika, makato yakapungua, na nafuu yenyewe ikaishia kwenye unga na gesi. Sia hakumwambia baba yake. Angemwambia nini?

Sasa ilikuwa Novemba, na Chen hakuwa akitabasamu.

"Wakaguzi wanakuja. Nina karatasi za wote isipokuwa zako. Nataka mkataba na fapiao."

Fapiao ni stakabadhi yenye muhuri wa serikali. Bila hiyo, katika mji ule, hata chai uliyokunywa hukuinywa. Sia akauliza inapatikana vipi.

"Anayepokea pango anakwenda mwenyewe ofisi ya kodi ya mtaa wenu. Anatozwa kidogo, anaulizwa maswali, anapewa. Nani anapokea pango lako?"

"Baba."

"Basi baba aende. Mwisho Ijumaa."

"Asipokwenda?"

Chen akainuka, akaufunga mlango. "Asipokwenda, mimi na wewe tumeidanganya serikali mwaka mzima. Kurudisha ile nafuu na kulipa faini, hilo ni dogo. Kibali chako cha kazi kinaisha mwisho wa mwezi. Bila barua ya ofisi ya kodi kwamba huna doa, hakuna wa kukiongeza. Utarudi kwenu, Sia."

Sia akapiga hesabu. Akirudi yeye, sukari imekwisha; na sukari ikiisha, Bibi Wu hatapunga mkono mara mbili tu. Wazazi wake watatupiwa masanduku ngazini mbele ya Wakongomani. Alirudi mezani kwake, na mchana kutwa akawa anaandika namba za makontena kimakosa na kuzifuta.

* * *

Jumatano hiyo usiku walikuwa wanne mezani, kwa sababu Lusajo alikuwepo. Lusajo alikuwa kijana mfanyabiashara wa Mbeya aliyekuwa akinunua vifaa vya shule katika mtaa wa Yide Lu, na sasa alikuwa wiki ya tatu anangoja nafasi ya kontena huku akilala kwenye kochi lao. Heriel hakumtoza kitu. Hakuwahi kumtoza yeyote. Kila Mtanzania aliyekwama Guangzhou aliambiwa aende kwa Baba Sia, na Baba Sia alijisifia jambo hilo kuliko kontena lolote alilowahi kujaza.

Sia alijua si adabu kuleta mambo ya ndani mbele ya mgeni. Lakini mgeni hatoki, baba haonekani mchana, na Ijumaa haisubiri. Akapiga moyo konde.

"Baba, kuna karatasi naomba unisainie."

"Lete." Heriel akajifuta vidole, akachukua kalamu. Hakuwa mtu wa kusoma sana anachopewa na bintiye. "Ya nini hii?"

"Ya kazini. Inasema nimepanga hapa."

"Umepanga nini?"

"Chumba, Baba. Kwako."

Kalamu ikabaki hewani. Edina akainuka kufuata maji, ingawa jagi lilikuwa limejaa.

"Ni kwa ajili ya makato ya serikali tu," Sia akaharakisha. "Kwa kuwa nalipa pango, sheria inanipa nafuu. Ila inabidi uende ofisini useme kwamba unanipangisha. Dakika chache."

"Unalipa pango," Heriel akarudia polepole. "Unamlipa nani?"

Sia akaisogeza karatasi karibu na kalamu.

"Nimekuuliza, mama. Unamlipa nani pango katika nyumba hii?"

"Ni maneno ya kwenye karatasi, Baba."

"Na karatasi ndiyo itakayobaki! Kesho Moshi waulize, Heriel alikuwa na shughuli gani huko Uchina? Wajibiwe, alikuwa anamtoza binti yake kitanda! Niende mbele ya watu niseme mwanangu ni mpangaji? Mimi Bibi Wu?" Akamgeukia mgeni, kwani mtu akibanwa hutafuta shahidi. "Lusajo, nimewahi kukudai hata jero?"

"Hapana, Baba Sia," Lusajo akasema akiwa ameinamia sahani. "Kwa kweli hapana."

"Sasa wewe niliyekuzaa ndiyo nikudai?"

Hapo ndipo ulimi wa Sia ulipomponyoka. "Hujamdai Lusajo kwa sababu mimi ndiye ninayemlipia."

Tonge la Lusajo likasimama njiani. Jikoni, maji yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye jagi na Edina hakuufunga mfereji. Heriel alimtazama binti yake kwa muda, si kwa hasira, hasira ingekuwa afadhali. Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka chini ya kopo la chumvi, akaenda chumbani kwake bila kunawa mikono.

Asubuhi kochi lilikuwa tupu. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri mno, na juu yake Lusajo alikuwa ameacha noti za yuan, zikiwa zimebanwa kwa kopo la Milo.

* * *

Alhamisi hiyo, baba alimwamsha kama kawaida. Aliusukuma mlango, akasema, "Jua limetoka," akaenda zake. Neno "mama" halikuwepo. Sia alikaa kitandani akalisubiri, halikuja.

Jikoni alimkuta Edina anakanda unga wa chapati za kuwauzia wafanyabiashara waliofikia hoteli za jirani. Zile noti za Lusajo zilikuwa bado palepale kwenye kochi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuzigusa.

"Mama, niombee kwake. Kesho ndiyo mwisho."

"Nimwombee kwa mdomo gani? Umemvua baba yako nguo mbele ya mgeni, halafu unataka mimi nikamwambie ni kwa ajili ya kumnyooshea shati."

"Nilidhani... Mama, kwani yeye hajui hela inatoka wapi?"

Edina akaupiga unga ngumi. "Anajua kila senti! Unamwona mjinga? Kujua ni kitu kimoja, kuambiwa ni kingine. Mimi kila mwezi nampitishia nyuma ya mgongo, hageuki. Unadhani kwa nini hageuki?"

Sia akafunga kifungo cha mwisho cha shati. Machozi yalikuwa karibu, akayazuia, maana alitakiwa kazini saa mbili.

"Kibali kikikataliwa tunarudi wote, Mama. Na tutarudi na nini?"

"Najua. Ndiyo maana sijakuzaba kofi." Edina akavuta pumzi, sauti ikashuka. "Nenda kazini. Yule mtu nimeishi naye miaka mingi. Ukimsukuma anakaa chini. Mwache aone mwenyewe njia ya kusimama."

Jioni Sia alimpelekea Bibi Wu mfuko wa machungwa, na Bibi Wu akaweka sahihi yake ya kuruhusu mpangaji wake awe na mpangaji. Hakuuliza. Mradi hela inakuja, yeye hata paka angemkubali. Lakini nyumbani karatasi ya Heriel ilikuwa bado chini ya kopo la chumvi, na watu watatu walikula chakula kisicho na chumvi kwa sababu hakuna aliyetaka kulinyanyua lile kopo. Sia hakulala. Dirisha liligongagonga usiku kucha kwenye kamba yake ya kiatu.

Kulipokucha mlango ukasukumwa. Heriel alisimama pale amevaa koti lake la Krismasi na tai, viatu vimeng'arishwa.

"Mama, jua limetoka," akasema. "Vaa. Twende kwenye hiyo ofisi yako." Mkononi alikuwa na ile karatasi, mikunjo yake imenyooshwa, imesainiwa.

* * *

Kijana wa dirishani katika ofisi ya kodi alivaa miwani na alikuwa na kikohozi. Aliziweka pasi mbili kando kwa kando, akafuata majina kwa kalamu.

"Heriel hapa. Heriel hapa. Mna undugu?"

"Ni baba yangu," Sia akajibu kwa Kichina chake cha chuo kikuu.

Kijana akaweka kalamu chini. "Binti anapanga kwa baba yake. Wanaishi nyumba moja?"

"Ndiyo. Na ninalipa kila mwezi."

"Wewe rudi nyuma ya mstari wa njano. Ajibu mwenyewe."

"Kichina chake si kizuri, ngoja nimsaidie kutafsiri."

"Anafanya biashara Guangzhou asijue Kichina? Rudi nyuma."

Sia akarudi. Kichina cha baba yake kilikuwa cha soko la vitambaa la Zhongda: namba, rangi, mita, ghali, hakuna, sitaki. Hakuna mahali sokoni pale ambapo mtu huulizwa habari za mwanawe.

"Huyu binti yako?" kijana akauliza, polepole na kwa sauti kubwa, jinsi watu wanavyosema na kiziwi.

"Shi," Heriel akajibu. Ndiyo.

"Anakupa pesa? Ngapi?"

Heriel akainua vidole viwili. "Liang qian." Elfu mbili.

Kijana akamgeukia mwenzake wa dirisha la pili, akamwambia kitu, na yule msichana akacheka akiziba mdomo. Kwenye foleni bibi mmoja mwenye kapu la mboga akasonya. "Mtoto wake wa kumzaa!" akawaambia waliokuwa karibu. "Hawa watu hawa!" Sia alielewa kila neno na akaomba baba yake asielewe hata moja. Aliiangalia shingo yake ilivyokaza juu ya kola, akajua kwamba ameelewa.

"Nyumba ikiharibika," kijana akaendelea, akifanya kwa mkono ishara ya kukaza skrubu, "nani anatengeneza?"

"Wo," Heriel akasema. Mimi.

Sia akaikumbuka kamba ya kiatu, akatazama chini.

Kijana akaegemea kiti. Alikuwa amechoka, na pengine hakuwa mtu mbaya. "Mzee, hapa wanakuja ndugu kwa ndugu na mikataba ya uongo kila siku, ili wakwepe kodi. Mpangaji ni mpangaji. Sasa niambie. Huyu asipokulipa, unafanya nini?"

Heriel akaigusa tai yake.

"Umeelewa? Hana pesa. Mwezi huu hana. Unafanya nini?"

Ofisi ilikuwa na kelele za mihuri na watoto, lakini Sia hakuzisikia. Alilijua jibu la kweli, kila mtu aliyewahi kulala kwenye kochi lao alilijua. Baba yake angempa chakula, angempa koti lile la Krismasi. Neno moja la namna hiyo, hata kicheko tu cha mzazi, na kila kitu kingekwisha. Sia aliomba baba yake aseme uongo, na moyo huohuo ukaomba ashindwe kuusema.

Heriel akageuka. Akamtazama binti yake ng'ambo ya mstari wa njano, kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Mei qian," akasema. Akainua mkono, akaupunga kuelekea mlango wa barabarani, mara mbili. "Mei qian, zou!"

Hata sauti ilikuwa ya Bibi Wu. Hakuwa na Kichina kingine cha jambo lile. Ni hicho tu alichofundishwa, mlangoni kwake, akiwa na fulana ya ndani. Kijana akacheka, akaridhika, na muhuri ukashuka.

Nje, Heriel akampa bintiye ile fapiao. "Iko sawa?"

"Iko sawa, Baba. Ahsante. Baba, mimi..."

"Nenda kazini. Usichelewe."

* * *

Chen aliipokea kwa mikono miwili na kumwagiza Sia aende nyumbani akalale, maana uso wake ulikuwa umeisha kwa kukosa usingizi. Sia akanunua kuku mzima njiani. Walikula, Edina akamsifu kuku, Heriel akasema ana chumvi ya kutosha. Hakuna aliyetaja habari za ofisi. Sia akaingia chumbani akiwa karibu kuamini kwamba yamepita.

Mlango ukagongwa.

Alishtuka. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kugonga mlango wake. Akadhani ni Lusajo amerudi.

"Nani?"

"Hodi." Ilikuwa sauti ya baba yake.

"Baba! Si uingie tu."

Mlango haukusogea. Kisha tena, vilevile, "Hodi."

"Karibu," Sia akasema.

Heriel akaingia. Alikuwa na bisbisi mkononi na kitasa kipya cha dirisha, bado kimo ndani ya nailoni ya dukani. "Nimemwambia yule kijana kwamba natengeneza," akaeleza, akamgeuzia mgongo. Akafungua kamba ya kiatu, akang'oa kitasa cha zamani, akaanza kukaza skrubu moja baada ya nyingine bila haraka.

Sia alikaa ukingoni mwa kitanda akiutazama ule mgongo. Alitaka kuomba msamaha na hakujua aanzie wapi, kwenye karatasi au kwenye tonge la Lusajo. Akasema lililokuwa likimuuma.

"Na lile jingine, Baba?"

"Lipi?"

"Ulilosema mwisho."

Bisbisi ikaacha kuzunguka. Kisha ikaanza tena.

"Wewe lipa tu, mama," Heriel akasema bila kugeuka. "Usinifikishe huko."

Hakuwa anatania, na hasira hakuwa nayo. Alikuwa anamwomba. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumsikia baba yake akimwomba hela kwa kinywa chake mwenyewe, na Sia akatamani dirisha lile libaki bovu milele.

Heriel akalijaribu dirisha, likafunga vizuri. Akaizungusha kamba ya kiatu kwenye vidole, akaiweka juu ya meza ya bintiye. Akatoka na kuuvuta mlango nyuma yake mpaka kitasa kikalia.

Usiku ule dirisha halikugonga, na Sia, ambaye usiku uliotangulia hakuwa amepata usingizi, alilala fofofo. Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshajaa chumbani, na jua lenyewe lilikuwa la kweli. Saa ya simu ilionyesha saa tatu na nusu, na Jumamosi kampuni ilifungua saa mbili. Akakurupuka, akatoka koridoni akivaa shati mbiombio.

"Mama! Mbona hamkuniamsha?"

Edina alikuwa jikoni na chapati zake. Hakuinua macho.

"Baba yako alikuja. Alisimama mlangoni kwako akabisha hodi, akabisha tena," akasema. "Hukuitika, akaondoka."